Umebonyeza "Chapisha", mbona makala haionekani?

"Admin, makala yangu mmeibania?"

Ujumbe wa namna hii huingia kwenye kundi letu la WhatsApp mara kwa mara, na mara nyingi huingia usiku. Mtu amekaa siku nne akiandika historia ya shule yake ya msingi. Amebonyeza kitufe, skrini imetulia, kalala akijua kazi imekwisha. Asubuhi anafungua tovuti ya jumuiya, hakuna kitu. Anasubiri siku mbili. Ya tatu anaanza kuwaza kuwa kuna mkono wa mtu: yule mhariri waliyekosana naye kwenye mchango wa msiba, au wale wanaosemekana ndio "wenye tovuti".

Nimesaidia kuendesha tovuti ya jumuiya kwa miaka kadhaa, na jambo hili linaniuma. Nilimpoteza kwa miezi mitano mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyeandika kumbukumbu za kazi yake kwenye njia ya Tanga kwenda Moshi. Makala yake ilikuwemo ndani ya tovuti muda wote ule. Hakuna aliyeikataa, na hakuna aliyejua kuwa imeingia. Yeye alidhani tumemdharau, akanyamaza.

Kwa hiyo leo nataka tuifuate makala hatua kwa hatua, toka kidole kinapogusa kitufe mpaka jirani anapoisoma. Nitaegemea mfumo wa WordPress, ulioanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, kwa kuwa tovuti zaidi ya 4 kati ya kila 10 duniani zinauendesha, na nyingi za jumuiya zetu zimo humo. Ukitumia mfumo mwingine majina yatabadilika kidogo, njia ni ileile.

Ubao wa matangazo wa mtaa

Fikiria ubao ulio nje ya ofisi ya serikali ya mtaa. Umeandika tangazo nyumbani na kulitia mfukoni. Hiyo ni rasimu, na tendo lake ni kuhifadhi. Ukimpelekea mtendaji na kumwachia mezani, umewasilisha. Mtendaji akilisoma, akagonga muhuri na kulibandika, limechapishwa. Sasa muuza duka wa kona, ambaye wateja wake hawapendi kutembea mpaka ofisini, ana desturi ya kupiga fotokopi ya ubao mzima na kuibandika dukani. Fotokopi ya jana haina tangazo lako la leo. Kwa wateja wake, tangazo halijaonekana, ingawa limechapishwa.

Kuhifadhi, kuwasilisha, kuchapisha, kuonekana. Mambo manne, na sisi tunayaita yote "kutuma". Ugomvi mwingi niliousuluhisha ulianzia kwenye neno hilo moja.

Yapo maneno mengine matatu tutakayoyahitaji. Kivinjari ni ile programu unayofungulia tovuti, kama Chrome au Firefox. Seva ni kompyuta inayokaa macho usiku na mchana ikiwa imebeba tovuti, mara nyingi ipo nchi nyingine kabisa. Kache ni fotokopi ya muuza duka: nakala ya ukurasa inayowekwa karibu na msomaji ili usichelewe kufunguka.

Makala iko mezani kwa mtendaji

Hapa ndipo zinapokwama nyingi, na hapa ndipo ilipokwama ya yule mzee.

WordPress humpa kila mtu cheo. Katika tovuti ya kawaida vipo vitano: Msimamizi, Mhariri, Mwandishi, Mchangiaji na Msajiliwa. Mwandishi anaweza kuandika na kuchapisha makala zake mwenyewe. Mchangiaji anaandika, lakini hawezi kuchapisha. Kitufe chake hakisemi "chapisha", kinasema makala ipelekwe kwa mapitio. Akishabonyeza, makala inakaa kwenye foleni mpaka mhariri aifungue.

Jumuiya nyingi humpa mgeni cheo cha Mchangiaji, na zina sababu nzuri: matapeli hujisajili kila siku ili wabandike matangazo yao ya kamari na mikopo. Tatizo ni kwamba WordPress, ilivyo kiwandani, haimtumii mhariri barua pepe kumwambia kuna makala inasubiri. Asipoingia mwenyewe na kutazama orodha, hajui. Tangazo liko mezani, mtendaji yuko shambani, na mwenye tangazo yuko nyumbani anaamini amechukiwa.

Cheo hicho kina mipaka mingine miwili ambayo huwashtua watu. Mchangiaji haruhusiwi kupakia picha. Na makala yake ikishachapishwa, hawezi tena kuifungua na kuihariri, hata kurekebisha herufi moja. Nimeulizwa mara nyingi, "Mbona mmenifungia makala yangu?" Hatujaifunga. Mfumo umezoea kuwa kilichopigwa muhuri hakirudi kwa mwandishi bila kupitia kwa aliyekipiga.

Basi kabla ya jambo lolote, ingia kwenye akaunti yako, fungua orodha ya makala zako, usome hali iliyoandikwa pembeni ya kila moja. Ikiwa ni rasimu, hukuituma. Ikiwa inasubiri mapitio, mtafute mhariri kwa simu. Ikiwa imepangiwa tarehe, nitaifikia hapa chini. Ikiwa haimo kabisa, angalia kwenye taka: WordPress huweka vilivyofutwa humo kwa siku 30 kabla ya kuvitupa moja kwa moja. Huo mtazamo mmoja kwenye orodha humaliza karibu nusu ya kesi ninazoletewa.

Ujumbe wa kutisha unaotaja JSON

Hali nyingine ni hii: umebonyeza, na utepe mwekundu umetokea juu ukisema kuchapisha kumeshindikana kwa sababu jibu lililorudi si JSON halali. Watu wengi husoma hapo na kufunga kompyuta.

JSON ni mpangilio tu wa kuandika taarifa, ambao kivinjari na seva wamekubaliana kuutumia wanapozungumza. Chukua mfano wa M-Pesa. Unatuma pesa, kisha unangoja ujumbe wa uthibitisho wenye sura unayoijua: kiasi, jina, muda, salio. Badala yake unaingia ujumbe wa ofa ya bando. Je, pesa imekwenda? Hujui. Inawezekana imekwenda, uthibitisho ndio umepotea njiani. Mtu mwenye busara hatumi tena papo hapo. Anaangalia salio kwanza.

Kivinjari kikilalamika kuhusu JSON, hali ni hiyo hiyo. Kilingoja uthibitisho, kikaletewa kitu kingine: ukurasa wa hitilafu, onyo la ukuta wa ulinzi, au ule ukurasa wa Wi-Fi ya hoteli unaotaka uweke namba ya chumba. Makala yenyewe huenda imeshafika. Ndiyo maana nawaomba watu wasibonyeze tena na tena. Nakili maandishi yako yote, yabandike mahali salama, hata kwenye ujumbe wa kujitumia mwenyewe, halafu ufungue orodha ya makala kwenye kichupo kingine (tab) uone kama ipo.

Kama haipo, jaribu jambo hili. Anzisha makala mpya yenye sentensi moja, "Hili ni jaribio", uihifadhi kama rasimu. Ikikataa nayo, tatizo liko kwenye tovuti au kwenye mtandao wako, na maandishi yako hayana kosa. Ikikubali, tatizo liko ndani ya makala ile ndefu, na hapo tunafanya kama fundi umeme anayetafuta waya uliokatika ukutani: hapimi kila sentimita, anapima katikati kwanza. Weka nusu ya kwanza ya makala. Ikihifadhika, kosa limo nusu ya pili. Igawe hiyo nayo. Baada ya mara nne au tano utakuwa umebaki na aya moja.

Na kwenye aya hiyo utakuta nini? Mara nyingi jedwali lililonakiliwa kutoka Word likiwa limebeba alama nyingi zisizoonekana, au video iliyobandikwa kwa msimbo wake wote. Ukuta wa ulinzi wa seva husoma kila kinachoingia ukitafuta dalili za wavamizi, na hauna uwezo wa kutambua nia. Kuna wakati hata sentensi za Kiingereza zinazofanana na amri za hifadhidata, yaani ghala la taarifa za tovuti, humfanya mwandishi mwema aonekane mwizi. Mlinzi wa geti anayepekua mifuko yote hutoa pia kisu cha mama anayekwenda kupika harusini. Ukibandika maandishi, chagua kuyabandika bila mapambo yake, kisha upange vichwa na herufi nzito upya ndani ya tovuti.

Namba zinazoambatana na hitilafu zina maana yake, na hazihitaji shule. 403 ni kwamba umekatazwa, mara nyingi na mlinzi huyo huyo. 404, ukurasa haupo kwenye anwani hiyo. 413, mzigo ni mkubwa kupita mlango. Zinazoanza na 5 ni za seva yenyewe, na huna la kufanya upande wako zaidi ya kumwarifu msimamizi na kungoja.

Ulikuwa umeingia, sasa hujaingia

Ukiingia kwenye akaunti, tovuti hukupa kitambulisho kidogo kinachokaa kwenye kivinjari, mfano wa tiketi ya mkononi. Katika WordPress tiketi hiyo hudumu siku 2, au siku 14 ukiwa umeweka alama ya kukumbukwa. Pamoja nayo kuna tiketi nyingine ndogo inayothibitisha kwamba kila kubonyeza ni kwako kweli, na hiyo haizidi saa 24.

Sasa mtu anafungua ukurasa wa kuandikia Ijumaa jioni. Anaandika kidogo, umeme unakatika, anafunika kompyuta. Jumapili anafunua, ukurasa upo vilevile, maneno yake yapo, anaongeza aya sita, anabonyeza. Tiketi imeshapitwa na wakati. Seva haimtambui.

Jambo la hatari hapa ni kuonyesha upya ukurasa kwa haraka. WordPress hujihifadhia nakala kila baada ya sekunde 60, lakini inazipeleka kwenye seva, na seva iliyokwisha kukutoa haipokei. Zile aya sita huenda ziko kwenye skrini yako tu. Nakili kwanza. Halafu ingia upya kwenye kichupo cha pembeni, ndipo urudi kuhifadhi. Mimi mwenyewe siku hizi makala ndefu siandikii kwenye tovuti. Naiandika kwenye programu ya maandishi ya simu, nikimaliza ndipo naipeleka.

Saa ya kompyuta na saa yetu

Tatizo hili hulikuti kwenye maelekezo ya Wamarekani, maana wao hawana saa ya Kiswahili.

Katibu wetu alipanga tangazo la mkutano litoke "saa 12 asubuhi". Kwenye kisanduku akaandika 12:00, akachagua alama ya asubuhi, AM. Kwa kompyuta, 12:00 AM ni saa sita usiku. Tangazo lilitoka watu wamelala, na kufika alfajiri lilikuwa limesukumwa chini na makala nyingine mbili. Mara ya pili akachagua PM, likatoka saa sita mchana, mkutano ukiwa umeshaanza. Saa 12 ya asubuhi huandikwa 6:00 AM au 06:00. Kanuni ya kuongeza au kupunguza sita tunaijua wote tunapotazama saa ya ukutani. Mbele ya skrini, tukiwa na haraka, tunaisahau.

Juu ya hilo kuna saa ya tovuti yenyewe. Tovuti ambayo haikurekebishwa hufuata saa ya dunia, UTC, na Afrika Mashariki tuko saa 3 mbele yake. Ukipanga makala itoke 06:00 kwenye tovuti kama hiyo, itatoka saa tatu asubuhi kwa Dar es Salaam na Nairobi. Waandishi wetu walioko Muscat wako saa moja mbele ya Dar, na ndugu wa Bukavu na Lubumbashi wako saa moja nyuma. Msimamizi akiingia kwenye mipangilio ya jumla na kuchagua jiji, kwa mfano Dar es Salaam, tatizo hilo linakwisha, ila kila mwandishi ajue kuwa saa inayohesabiwa ni ya tovuti, hata akiwa ughaibuni.

Na kuna siri ya tatu. WordPress haina kengele ya kuamka yenyewe. Kazi zilizopangiwa muda huzitazama pale mtu anapotembelea tovuti. Tovuti kubwa hutembelewa kila sekunde, kwa hiyo hakuna anayegundua. Tovuti ya kijiji chetu inaweza kukaa saa tatu za usiku bila mgeni hata mmoja, na makala iliyopangwa saa kumi alfajiri ikangoja mpaka mtu wa kwanza apige hodi saa moja. Ukiona makala imepitwa na saa yake, ingia kwenye tovuti, subiri dakika moja, uangalie tena. Kama bado, mwambie msimamizi. Zipo njia za kuweka kengele ya kweli upande wa seva.

Picha

Kwa ufupi. Seva nyingi huendeshwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, na PHP ilivyo kiwandani hupokea faili lisilozidi MB 2. Makampuni ya kuhifadhi tovuti huongeza kiwango hicho, lakini si yote, na picha ya simu ya leo hupita hapo kwa urahisi. Njia ambayo vijana wetu hutumia ni kujitumia picha kwa WhatsApp, kuipakua, na kupakia hiyo iliyopungua. Inatosha kabisa kwa kusomea kwenye skrini. Picha za iPhone huweza kuwa za aina ya HEIC, ambayo tovuti nyingi haziipokei. Zigeuze kuwa JPEG kwanza.

Mimi naiona, wengine hawaioni

Hapa tunarudi kwa muuza duka na fotokopi yake. Ukiwa umeingia kwenye akaunti, tovuti kwa kawaida hukuonyesha ubao wenyewe, moja kwa moja. Mgeni huonyeshwa fotokopi. Ndiyo maana wewe unaiona makala kwenye ukurasa wa mwanzo, na shangazi yako anaapa haipo, na nyote wawili mnasema kweli.

Fungua kidirisha cha faragha cha kivinjari, ambacho hakibebi tiketi yako ya kuingilia, uitazame tovuti kama mgeni. Kisha zima Wi-Fi, tumia data ya simu. Mtumie mtu anwani kamili ya makala yenyewe, wala si ya ukurasa wa mwanzo. Akiiona kwa anwani hiyo, makala imechapishwa, kilichobaki ni fotokopi kubadilishwa, na msimamizi anaweza kuifuta kache kwa kitufe kimoja.

Wapo wanaoitafuta makala yao Google saa moja baada ya kuchapisha na kukata tamaa. Google hupita kwenye tovuti kwa ratiba yake, na kwa tovuti ndogo inaweza kuchukua siku au wiki. Kutoonekana huko hakukwambii lolote kuhusu kuchapishwa. Wapo pia wanaoshauriana kufuta historia na vidakuzi vyote vya kivinjari, yaani zile tiketi za kuingilia, kwa kila tatizo. Utajitoa kwenye akaunti zako zote, benki ikiwemo, na makala inayosubiri mapitio itaendelea kusubiri.

"Wamezima mtandao"

Dhana hii siidharau, kwa sababu imewahi kuwa kweli. Januari 2021 Uganda ilikaa siku kadhaa bila intaneti wakati wa uchaguzi mkuu. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na watumiaji wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wakabaki na mtandao unaokokota. Siku kama hizo, makala kukataa kutoka ni jambo la kutarajiwa.

Lakini tatizo la aina hiyo lina alama yake: linagusa kila kitu. Kama tovuti nyingine zinafunguka, kama hata tovuti ya jumuiya inafunguka na makala za wengine zinasomeka, na yako pekee ndiyo haipo, jibu liko kwenye orodha yako ya makala, wala haliko baharini.

Mwambie msimamizi nini

Wasimamizi wa tovuti zetu ni watu wa kujitolea, wenye kazi na watoto. Ujumbe wa "haifanyi kazi" unamlazimu aulize maswali manane. Ujumbe unaosaidia hufanana na huu: "Shikamoo. Jana saa mbili usiku nilibonyeza kuchapisha makala ya 'Kisima cha zamani'. Natumia simu ya Samsung, Chrome, data ya simu. Imetokea namba 413. Makala yenye sentensi moja imekubali. Picha ya skrini hii hapa." Anayepokea huo anajua kabla hajafungua kompyuta kuwa ni picha kubwa.

Nasi wasimamizi tuna deni letu. Foleni ya mapitio itazamwe kila siku, kwa zamu. Makala ikihitaji marekebisho, mwandishi aambiwe na mtu kwa sauti, asiachwe akisoma ukimya. Na mtu aliyeshachapisha makala tatu safi apandishwe kutoka Mchangiaji kuwa Mwandishi. Hatumdai muhuri milele.

Yule mzee wa reli nilimfuata nyumbani kwake, nikamwonyesha kwenye simu yangu makala ikiwa bado kwenye foleni, na tarehe aliyoituma. Aliisoma tarehe ile mara mbili. Kisha akaingia ndani akatoka na bahasha ya picha za stesheni, nyeusi na nyeupe, akauliza kama zinaingia. Mjukuu wake alizipiga kwa simu pale pale mkekani, moja baada ya moja, akapunguza ukubwa. Jioni ile zilikuwa zimepanda tisa.